Je, Tuhame Zahanati? Mambo ya Kupima Kabla ya Kumwacha Tabibu Wetu

Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo karibu kila familia imewahi kulizungumza: kumwacha tabibu aliyezoea kututibu na kwenda kwa mwingine. Baba anasema zahanati ya kijijini haina kitu, twende mjini. Mama anasema yule tabibu ndiye anayewajua watoto. Bibi naye amesikia habari za daktari mpya anayesifiwa sokoni. Tumsikilize nani?

Kwanza tuelewane juu ya neno "daktari". Kwetu tunamwita daktari karibu kila mtu anayetutibu. Katika zahanati nyingi anayetupokea ni tabibu au muuguzi, na hilo halipunguzi thamani yake. Mtu huyu wa kwanza ana kazi tatu: kutibu magonjwa ya kawaida, kufuatilia magonjwa ya kudumu kama shinikizo la damu na kisukari, na kutambua mapema ugonjwa unaozidi uwezo wake ili akuandikie rufaa. Swali la kujiuliza ni kama anazifanya kazi hizo tatu.

UCHAGUZI TULIO NAO

Zamani uchaguzi ulikuwa mdogo. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali na zahanati za watu binafsi za kutafuta faida, zikabaki huduma za Serikali na za mashirika ya dini. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na watu binafsi wakaruhusiwa tena. Leo familia ya Muleba inaweza kwenda zahanati ya Serikali, zahanati ya mtu binafsi, hospitali za Kanisa Katoliki za Rubya na Kagondo, au hospitali ya Kilutheri ya Ndolage. Bukoba mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na mgonjwa anayehitaji bingwa huweza kupelekwa Bugando, Mwanza. Lakini kwa ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire na Goziba, kuhama tabibu ni safari ya ziwani. Kwa hiyo kila familia ipime kwa hali yake.

FAIDA YA KUJULIKANA

Tuchukue mfano wa mzee mwenye shinikizo la damu. Tabibu wake ameandika vipimo vyake kwa miaka mitatu, hivyo akimpima leo anajua kama shinikizo limepanda au ni kawaida yake. Siku moja goti linamuuma mzee. Anasikia kuna zahanati nyingine yenye dawa kali, anakwenda huko bila daftari lake na hasemi kitu juu ya shinikizo. Anapewa diklofenaki. Maumivu yanapungua, lakini dawa hiyo inaweza kupandisha shinikizo na kuumiza figo na tumbo. Tabibu mpya alitibu goti alilooneshwa. Habari aliyoihitaji ilibaki nyumbani kabatini.

Vivyo hivyo mtu anaweza kupewa Panadol mahali pamoja na parasitamoli mahali pengine, akazimeza zote bila kujua kwamba ni dawa ile ile moja. Ikizidi kipimo huharibu ini.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Tabibu anayekujua ni mali. Unaweza kumwacha, lakini ujue unaacha nini.

SABABU ZISIZOTOSHA

1. "Hachomi sindano." Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto vinavyomezwa. Sindano ni kwa malaria kali au kwa mgonjwa asiyeweza kumeza. Tabibu anayekupa vidonge baada ya kukupima hajakunyima kitu.

2. "Amesema sina malaria." Kipimo kikionesha hakuna malaria, tabibu mwema hatakupa dawa yake. Atatafuta sababu nyingine ya homa. Ukihama mpaka umpate wa kukupa dawa unayoitaka, umenunua dawa tu.

3. "Hospitali kubwa ni bora kwa kila kitu." Kwa mafua ya mtoto, hospitali ya mkoa ina maana ya nauli, foleni ndefu, na pengine kuonana na daktari tofauti kila safari.

4. "Kuna mtu anaponya kila ugonjwa." Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wako walioacha dawa zao za kisukari na za Ukimwi kwa kuamini wamepona, wakarudi hospitalini hali ikiwa mbaya zaidi. Ye yote anayekutaka uache dawa za kudumu bila kipimo, umwogope.

SABABU ZA KWELI

1. Hakusikilizi. Anaandika dawa kabla hujamaliza kueleza, wala hakuelezi una ugonjwa gani.

2. Umerudi mara mbili au tatu kwa tatizo lile lile, hakuna nafuu, na hataki kukupa rufaa.

3. Anatumia lugha ya matusi, anadai fedha zisizo na stakabadhi, au yuko kazini amelewa.

4. Hatunzi siri. Mkoa wetu unajua uzito wa jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na familia nyingi zilionja aibu ya kusemwa. Mgonjwa ambaye habari zake zimetoka nje ya chumba cha tabibu ana haki ya kutafuta mahali pengine.

5. Kituo hakina kipimo au dawa unayohitaji kila mwezi, na mahali pengine panapofikika ipo.

6. Umehama makazi, au umri na miguu havikuruhusu tena kufika.

Wakati mwingine tabibu ndiye anayehamishwa kikazi na mgeni analetwa. Wengi huondoka siku hiyo hiyo kwa sababu "huyu hatujui". Mgeni hawezi kukujua usipompa nafasi. Mpelekee daftari lako, mweleze historia yako, umpime kwa kazi yake kabla ya kuamua.

KABLA YA KUHAMA

Sema naye kwanza. Mwambie kwa upole: "Daktari, dawa hii nimeitumia wiki mbili sijaona nafuu. Tufanye nini?" Mara nyingi tabibu hajui kwamba hukuridhika, kwa kuwa tumezoea kuitikia "ndiyo" na kwenda kunung'unika njiani. Mficha uchi hazai. Kama tatizo ni mwenendo wake, peleka malalamiko kwa mganga mfawidhi, kwa kamati ya afya ya kituo, au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukiondoka kimya, jirani yako atatendewa vile vile kesho.

Kisha piga hesabu ya mwaka mzima. Mgonjwa wa kisukari huenda kliniki mara nyingi. Zidisha nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku ya kazi inayopotea, kwa idadi ya safari hizo. Wako wanaochukua dawa za Ukimwi mbali na kwao ili wasionwe na majirani. Dawa hizo ni za bure tangu mwaka 2004, lakini nauli si ya bure. Siku nauli inapokosekana dawa zinakatika, na virusi hupata nafasi ya kuzizoea. Uliza pia kama kadi yako ya bima itapokelewa huko uendako.

UKIAMUA KUHAMA

Usihame mikono mitupu. Chukua daftari la matibabu, kadi ya kliniki ya mtoto au ya mama mjamzito, majibu ya vipimo, na dawa zote unazotumia pamoja na makopo yake, hata za kienyeji. Mwenye kifua kikuu au anayetumia dawa za Ukimwi aombe uhamisho rasmi wa maandishi. Asikome kumeza dawa huku akisubiri. Tabibu mpya mweleze mambo manne: ugonjwa nilio nao, dawa ninazotumia, dawa iliyowahi kunidhuru, na kwa nini nimehama. Baada ya hapo tulia kwake. Anayezunguka zahanati tano hana tabibu hata mmoja.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kupoteza fahamu, huo si wakati wa kujadili tabibu yupi ni bora. Mpelekeni kituo kilicho karibu mara moja. Majadiliano yafanyike leo, watoto wakiwa wazima.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Daftari na kadi za kila mtu wa nyumba yetu ziko wapi? Nani anajua zilipo?

2. Mara ya mwisho tulipobadili tabibu, sababu yetu ilikuwa ipi kati ya hizi tulizosoma?

3. Katika jumuiya yetu yuko mgonjwa aliyekosa dawa kwa ajili ya nauli? Tumsaidieje bila kumtangaza?