Mafunzo Niliyopata Tangu Nilipookoka

1. Mungu halipwi. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya usharikani kwetu, Bukoba, nikala fedha za safari. Kwa miaka miwili nilifagia kanisa, nikafunga, nikatoa zaidi ya zaka. Moyo haukutulia. Waefeso 2:8-9 nilikuwa nimeikariri tangu darasa la kipaimara, lakini sikuwahi kufikiri kwamba neno "neema" lilinihusu mimi mwizi. Siku nilipotubu bila kuahidi chochote, nililala usingizi.

2. Jirani analipwa. Jumapili nilipotoa ushuhuda, watu waliitikia amina, nikatoka nikiwa mwepesi. Mlangoni bibi mmoja wa Uamsho alinishika mkono. "Mwanangu, Bwana asifiwe. Sasa fedha za wenzio?"

Nilikasirika, kwani si nimesamehewa? Lakini kizazi chake kililelewa hivyo. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika hadi huku kwetu ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kurudisha walivyoiba. Bibi alinituma nikasome habari za Zakayo, Luka 19, niangalie nini kilitangulia. Kwanza Yesu alisema atashinda nyumbani kwa Zakayo. Ahadi ya kurudisha mara nne ilifuata. Nikauza mbuzi wawili, nikalipa mbele ya kwaya. Nisingethubutu kusimama pale kama ningekuwa bado natafuta msamaha.

3. Paulo na Yakobo hawagombani. Luther, katika dibaji yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522, aliuita waraka wa Yakobo, unaosisitiza matendo, waraka wa majani makavu. Mimi ni Mlutheri, na hapo simfuati. Paulo mwenyewe, mstari wa 10 wa sura ileile ya Waefeso, anasema tuliumbwa tutende mema. Shemeji yangu Mkatoliki tulibishana naye miaka mingi juu ya neema na matendo, hadi tulipojua kwamba makanisa yetu yalitia saini tamko la pamoja Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999: tunahesabiwa haki kwa neema, na matendo mema ni matunda yake.

4. Utakatifu haukuja siku ile niliyookoka. Tamaa ya fedha ingali inanijia, na sasa naitaja mapema kwa ndugu tunaosali nao.

Mwaka huu kwaya imeniomba nishike tena sanduku. Nimekubali, ila nimeomba fedha zihesabiwe na watu wawili.