Uzito wa Alama na Vyeti katika Udahili wa Shahada ya Uzamivu

Makala haya yanachunguza namna alama za mitihani na vyeti vinavyopimwa pale mhitimu wa isimu kutoka Afrika Mashariki anapoomba nafasi ya uzamivu katika vyuo vikuu vya Marekani. Hoja inayotetewa ni kwamba alama hupoteza maana inapoondolewa katika mfumo ulioizaa, na aghalabu anayepunjika ni mwombaji.

Mfano ulio wazi ni wastani wa alama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia kipimo chenye ukomo wa 5.0, ambapo daraja la pili la juu huanzia 3.5. Vyuo vingi vya Marekani hutumia ukomo wa 4.0, na vingi huweka 3.0 kuwa kiwango cha chini cha udahili. Mtu akiigeuza 3.5 kwa hesabu ya uwiano tu, atapata 2.8, hivyo mhitimu ambaye nyumbani daraja lake linaheshimika ataonekana hafai hata kusomewa barua zake. Hesabu yenyewe ni sahihi. Kilichokosewa ni tafsiri. Kinyume chake pia chawezekana: 4.0 isiyotajiwa ukomo wake husomwa kana kwamba mwombaji hakupoteza alama hata moja.

Kwa muda mrefu mtihani wa GRE ulichukuliwa kuwa dawa ya tatizo hili. Ulianza kwa majaribio mwaka 1936, ukihusisha vyuo vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Tangu Agosti 2011 sehemu zake za lugha na hesabu hutolewa alama kati ya 130 na 170, badala ya 200 hadi 800 za awali. Sehemu ya lugha hupima msamiati na ufahamu wa Kiingereza cha kitaaluma. Mtafiti wa ngeli za Kiswahili anauhitaji ujuzi huo, lakini hauonyeshi kama anaweza kuchambua data. Uchambuzi wa Kuncel, Hezlett na Ones uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mitihani ya GRE ya masomo maalumu ilielekea kubashiri mafanikio vizuri zaidi kuliko ile ya jumla. Isimu haina mtihani maalumu wa namna hiyo.

Idara nyingi zimeacha kudai GRE, hasa tangu mwaka 2020. Hatua hiyo imepokewa kama ushindi wa haki, nayo imewapunguzia waombaji gharama. Hata hivyo, mzigo haukuondoka. Umehamia kwenye hati ya matokeo, ambayo ndiyo husomwa vibaya. Mhitimu wa chuo kisichojulikana na kamati amepoteza kipimo pekee alichoshiriki na wenzake wa huko.

Kwa sababu hiyo barua za mapendekezo zina uzito kuliko inavyodhaniwa. Barua fupi inayosema mwanafunzi ni mwenye bidii na adabu haiisaidii kamati. Inayosaidia ni ile inayoeleza ukomo wa kipimo, nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wenzake darasani, na tatizo la kiisimu alilolitatua. Sampuli ya maandishi nayo huamua mengi. Waliotetea tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili hawana budi kuitafsiri sura moja ya uchambuzi, si sura ya utangulizi, na kuipitisha kwa msimamizi wao kabla ya kuituma.