Somo la Afya: Tujikinge Tunapokula Migahawani Wakati wa UVIKO-19



Wilaya yetu imezoea kulisha wasafiri. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita katikati ya mji wa Karatu kabla ya kulifikia lango la Loduare la Hifadhi ya Ngorongoro. Kandokando ya barabara hiyo wapo mama lishe, wachoma nyama, wenye migahawa na wenye hoteli, na siku za mnada vibanda vya chakula huongezeka maradufu. Dereva wa watalii, mkulima aliyeleta vitunguu kutoka Mang'ola, mwalimu na fundi huketi katika benchi moja.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha, umbali wa takriban kilomita 150 kutoka hapa kwetu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,867. Katika wilaya inayoitegemea njia ya Ngorongoro, maana ya takwimu hizo ni majiko yaliyozimwa na wahudumu waliorudi makwao bila mshahara.

Kwa sababu hiyo, somo hili halimtaki mwananchi aisusie migahawa. Linamwelekeza namna ya kula nje ya nyumbani bila kuuchukua ugonjwa wala kuupeleka, ili afya yake ilindwe na riziki ya anayempikia ilindwe pia.

Hatari iko wapi?

Wengi wetu tuingiapo mgahawani huitazama sahani: je, ni safi? chakula ni cha moto? Maswali hayo ni ya lazima, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo hupitia katika chakula na maji machafu. UVIKO-19, hata hivyo, huenea zaidi kwa njia nyingine. Hadi sasa hakuna ushahidi kwamba chakula chenyewe ndicho kinachoueneza. Virusi hutoka kinywani na puani mwa mtu aliyeambukizwa anapokohoa, anapocheka, anapozungumza na hata anapopumua. Matone makubwa huanguka karibu naye. Chembechembe ndogo huelea hewani, na mahali palipofungwa huweza kukaa kwa muda mrefu.

Tukio moja lililochunguzwa kwa makini linafaa kuwa mfano. Tarehe 24 Januari 2020, katika mji wa Guangzhou nchini China, familia tatu zisizofahamiana zilikula chakula cha mchana kwenye meza tatu zilizokaribiana, ndani ya ukumbi usio na madirisha uliopozwa kwa kiyoyozi. Mmoja wao alikuwa amewasili siku iliyotangulia kutoka Wuhan, akiwa na maambukizi bila kujua. Katika siku zilizofuata watu 10 wa familia hizo, yeye akiwemo, walithibitika kuwa na ugonjwa. Wateja wengine wa ghorofa ile pamoja na wahudumu hawakuambukizwa. Watafiti waliona kwamba wagonjwa wote waliketi katika mkondo mmoja wa hewa, ambayo kiyoyozi kiliizungusha pale pale bila kuingiza hewa mpya.

Fundisho lake ni hili: kabla ya kuuliza kuna chakula gani, uliza utakaa wapi. Mahali pa kuketi na muda utakaotumia hapo ndivyo vinavyoamua zaidi usalama wako.

Kuchagua mahali pa kukaa

Karatu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni hadi Agosti baridi na ukungu huwafanya watu wafunge milango na madirisha na kusogeleana. Miezi hiyo hiyo ndiyo wageni huwa wengi katika hifadhi. Kwa hiyo tunajifungia ndani wakati ambao mchanganyiko wa watu ni mkubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Mahali bora ni nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Kibanda cha mama lishe kilicho wazi pande zote, hata kama paa lake ni la turubai, ni salama zaidi kwa ugonjwa huu kuliko ukumbi wenye vioo na mapazia uliofungwa. Ukilazimika kukaa ndani, chagua meza iliyo karibu na dirisha lililo wazi, na uache umbali wa mita moja au zaidi kati yako na watu usiokaa nao nyumba moja. Ukikuta pamejaa, rudi baadaye au omba ufungashiwe chakula.

Baridi ikizidi, vaa koti au jifunike shuka, dirisha libaki wazi. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya joto, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu ambayo huua.

Mikono na vyombo

Ugali na nyama choma huliwa kwa mkono, kwa hiyo kunawa ni sehemu ya mlo wenyewe. Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20, ukisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaovizunguka virusi hivi, navyo huharibika. Ndoo yenye koki, kibuyu chirizi au mhudumu anayemimina maji kwa jagi vyote vinafaa. Beseni moja ambalo kila mteja anachovya mikono halifai, kwani huhamisha uchafu wa wa kwanza kwa wa mwisho. Pasipo na maji, tumia kitakasa mikono chenye kilevi kisichopungua asilimia 60.

Noti na sarafu hupita katika mikono mingi. Lipa kabla ya kunawa, au lipa kwa simu.

Desturi ya kula katika sinia moja ni alama ya undugu, na hatuna nia ya kuidharau. Kwa kipindi hiki, watu wa nyumba moja waendelee kushirikiana sinia. Wanaokutana mgahawani wagawiwe kila mmoja sahani yake, pamoja na kachumbari na pilipili yake. Kupokezana kikombe au kibuyu kimoja cha kinywaji kusitishwe.

Barakoa na muda

Haiwezekani kula ukiwa umevaa barakoa, na hapo ndipo mgahawa unapotofautiana na duka au ofisi. Utafiti uliotolewa nchini Marekani mwezi Septemba 2020 ulionyesha kuwa watu wazima waliothibitika kuwa na UVIKO-19 walikuwa na uwezekano takriban mara mbili ya wenzao wa kusema kwamba walikula mgahawani katika siku 14 kabla ya kuugua. Basi vaa barakoa unapoingia, unapoagiza, unaposubiri na unapozungumza na mhudumu. Ivue chakula kinapofika. Ishike kwa kamba zake na uiweke katika mfuko safi. Usiiweke mezani wala usiishushe kidevuni.

Ukimaliza kula, vaa tena na uondoke. Mazungumzo marefu yahamie nje. Penye muziki wa sauti ya juu watu hulazimika kupaza sauti, na anayepaza sauti hutoa chembechembe nyingi zaidi. Si vibaya kumwomba mwenye mgahawa aipunguze.

Kumwomba mwenye mgahawa

Wananchi wengi huona haya kusema. Neno la adabu halimvunjii mtu heshima. Mathalani: "Shikamoo mama. Naomba nikae huku nje, na kama inawezekana nipatiwe sahani yangu peke yangu." Au: "Kaka, naomba tufungue dirisha hili, hewa ipite." Mama lishe naye yumo hatarini: wewe unakaa nusu saa, yeye anakutana na wateja kuanzia alfajiri hadi jioni. Unapovaa barakoa mbele yake unamkinga yeye na watoto wake.

Mteja ambaye asije

Mwenye homa, kikohozi, mafua, maumivu ya koo au aliyepoteza uwezo wa kunusa abaki nyumbani, chakula apelekewe. Hatua hii moja inazidi nyingine zote, kwa sababu ndoo, dirisha na barakoa hupunguza tu hatari ambayo mgonjwa huileta. Apige simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199, au afike kituo cha kutolea huduma za afya akiwa amevaa barakoa.

Chanjo

Tarehe 28 Julai 2021 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Chanjo iliyoanza kutolewa, ya Janssen, ilikuwa ya dozi moja na ya hiari. Waliopewa kipaumbele wakati huo walikuwa watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Aliyechanjwa amepunguza sana uwezekano wa kuugua vibaya, lakini bado anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Tahadhari zote zilizotajwa zinamhusu.

Maswali ya kujadili katika kaya

1. Mgahawa ninaoutumia mara nyingi una hewa ya kutosha? Ni meza ipi iliyo salama zaidi pale?
2. Tunaponawa, maji yanatiririka au tunachovya katika beseni moja?
3. Katika familia yetu, ni nani ambaye akiugua ataumia zaidi, na nani kati yetu hula nje kila siku?

Swali la tatu lijibiwe kwa uangalifu. Mara nyingi anayekula nje ni kijana mwenye nguvu, na anayeugua vibaya ni bibi au babu ambaye hakutoka nyumbani.