Ngoma Uwanjani: Muziki wa Kiethiopia na Hadhira ya Kakuma

Neno ngoma katika Kiswahili hukusanya ala, wimbo na uchezaji. Ufafanuzi huu waufaa pia muziki wa Kiethiopia, ambao mjini Addis Ababa, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, ulichanganywa na fanki na jazi za Marekani, hadi Derg iliposhika utawala mwaka 1974 na amri ya kutotoka nje usiku ikazima kumbi. Besi na tarumbeta zilitoka ng'ambo. Ngazi ya sauti tano iitwayo tizita, yaani kumbukumbu au hamu ya yaliyopita, ni ya nyumbani.

Kambi ya Kakuma iliasisiwa mwaka 1992, na Waethiopia ni miongoni mwa wakimbizi wake. Hapo nadharia ya fanani na hadhira hutatizika, kwani hudhaniwa kwamba hadhira yaielewa lugha ya fanani. Mturkana aliyezoea kuruka katika edonga ataambiwa nini na wimbo wa Kiamhari? Maneno yatampita. Lakini eskista huchezwa kwa mabega, nayo mabega hayahitaji mkalimani (ajabu ni kwamba wahakiki wetu huyataja mwishoni, kama pambo). Uwanjani, pasipo ukuta wala kiti, mtazamaji aweza kuingia duarani na kuwa fanani kabla hajajua kwamba wimbo anaouchezea ni wa kumlilia aliyeachwa nyuma.