Tumbo la Mtoto Mchanga na Walinzi Wake



Tukitembelea akina mama waliojifungua, mara nyingi tunakuta kikombe cha maji ya sukari kando ya kitanda. Nyanya anatuuliza, "Maziwa hayajashuka, sasa mtoto akae njaa?" Anauliza kwa upendo, na anastahili jibu.

Mtoto akiwa tumboni karibu hana bakteria wowote. Akizaliwa anapata wale wa kwanza kutoka kwa mama: ukeni, kwenye ngozi, na hata kwenye choo chake. Msishtuke. (Kunawa mikono kwa sabuni bado ni lazima, maana viini vya kuharisha navyo vinapita huko huko.) Bakteria si wote wabaya. Hawa wema wakiwahi kukaa kwenye utumbo, wabaya wakija wanakuta matatu imejaa.

Lakini walinzi hawa wanahitaji chakula. Ndani ya maziwa ya mama kuna sukari za pekee, zaidi ya aina 100, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Basi ni za nani? Ni za bakteria hao, hasa wale wanaoitwa bifidobakteria. Wakizila wanatoa asidi, vile maziwa yanavyochachuka kwenye kibuyu, na kwenye ukali huo viini vingi vya kuharisha havisitawi.

Kwa hivyo tumjibu nyanya hivi: maziwa yameshashuka, ni yale ya manjano. Ni kidogo, lakini siku ya kwanza tumbo la mtoto linatoshwa na vijiko vichache tu, na yamejaa kinga. Kuyakamua na kuyamwaga ni hasara kubwa. Maji ya sukari yanamshibisha bure, ananyonya kidogo, na maziwa yanazidi kuchelewa. Tena kikombe kinaweza kuleta viini.

Mtoto wa upasuaji hukosa baadhi ya bakteria wa mama, kwa hiyo yeye hasa asicheleweshwe titi. Mama mwenye virusi vya ukimwi ameze dawa zake kila siku na anyonyeshe bila kuchanganya kitu miezi 6, akifuata kliniki.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 61 ya watoto wa chini ya miezi 6 wananyonya tu, bila kitu kingine. Mwaka 2022 ilikuwa 60. Tumesimama pale pale.

Ya kuzungumza kikundini: Hapa kwetu, ni nani anayeamua mtoto aonje nini kwanza? Je, huwa tunamwalika kwenye mkutano?