USALAMA NA AFYA: Mawese ndani ya moteri ya mazutu



Mara nyingi watu wanauliza: moteri ya mazutu inaweza kutembea na mawese? Ndiyo, inaweza. Lakini kutembea ni neno moja, kudumu ni neno lingine.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, moteri ya Diesel ilitembezwa na mafuta ya karanga. Mwaka 1937, Mbelgiji Chavanne wa chuo kikuu cha Bruxelles alipata hati ya kubadilisha mafuta ya mimea kwa alkoli. Mwaka 1938, basi la abiria lilienda kati ya Bruxelles na Louvain kwa mawese yaliyobadilishwa hivyo. Shikeni neno hilo: yaliyobadilishwa.

Mawese mabichi. Ni mazito kupita mazutu mara kumi na zaidi, na katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 yanaganda. Enjekteri inapaswa kurusha mazutu kama ukungu. Mawese yanatoka matone makubwa, hayaungui yote. Masizi yanashika enjekteri na pete za pistoni, pete zinakwama. Mawese yasiyoungua yanateremka ukutani mwa silinda mpaka ndani ya karteri. Humo, kwa moto, yanaharibu mafuta ya moteri mpaka yanakuwa mazito kama uji. Njia za mafuta zinaziba, kusineti zinakauka, na moteri inakufa.

Mafuta yaliyobadilishwa (biodizeli). Haya ni mepesi, karibu na mazutu, tena yanalainisha pompa vizuri. Ulaya, mazutu ya kawaida yanaruhusiwa kuwa nayo mpaka 7%. Lakini yanasafisha uchafu wa zamani ndani ya tangi, na uchafu huo unaziba filtri. Yanavuta maji. Na sehemu inayoingia karteri haigeuki mvuke upesi kama mazutu: inabaki, inapunguza nguvu ya mafuta, kisha inayaozesha. Kwa hiyo mafuta hubadilishwa mapema zaidi, kama kitabu cha mashine kinavyoagiza.

Petroli ya taa. Kuna watu wanaoitia ndani ya mazutu. Pompa inalainishwa na mazutu yenyewe. Petroli ni nyepesi mno, vyuma vinasuguana na kulika. Zaidi ya hayo, mvuke wake unaweza kushika moto tangu digrii 38, lakini mazutu mazuri hayafanyi hivyo chini ya digrii 55.

Hatari kwako wewe

Shofa wa kamio kubwa, moteri ikizimika ukiwa kwenye mteremko wa shimo, usukani unakuwa mgumu wakati unapouhitaji zaidi. Karteri ikijaa kupita kiasi, moteri inaweza kunywa mafuta yake yenyewe na kukimbia ovyo, hata ukikata mazutu. Na wewe wa chini ya ardhi, enjekteri chafu inatoa moshi mwingi. Mwaka 2012, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu walitangaza kwamba moshi wa dizeli unaleta kansa kwa watu.

Fanya hivi:

1. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima mafuta kwa kijiti. Yakiwa yamepanda na hakuna aliyeongeza, usifurahi! Usiwashe, ita fundi.
2. Nusa na gusa tone moja: likinuka mazutu, au likiwa jepesi sana ama linanata, mwambie kapita. Kisha nawa mikono kwa sabuni.
3. Toa maji ya filtri kila siku.
4. Usitie ndani ya tangi kitu ambacho karaji haikukupa.
5. Ukiona mtu anachanganya mazutu, sema. Si uchongezi: maisha ya mwenzako yamo ndani ya tangi ile.

Moteri iliyokufa inanunuliwa nyingine. Baba wa watoto hanunuliwi.