Land Rover Iliyopinduka: Tukate Paa?

Swali: Land Rover 110 yetu ilipinduka kwenye utelezi karibu na Turiani. Paa limebonyea. Fundi anataka kulikata iwe pikapu. Itafaa?

Jibu: Itafaa, ndugu yangu, ila pimeni chasisi kwanza. Vuteni kamba kona hadi kona, kimshazari. Vipimo viwili vikitofautiana, imepinda, msiendelee. Paa la alumini limefungwa kwa bolti, kwa hiyo tumieni spana, si gesi. Bila paa, abiria wa nyuma hana kinga: wekeni fremu ya mabomba ya chuma iliyoshikwa kwenye chasisi yenyewe. Na tafadhali, msipige stata kabla ya kufungua nozeli na kuzungusha injini kwa mkono. Oili iliyoingia kwenye silinda gari lilipopinduka hupinda konrodi. Mabadiliko ya bodi yaripotiwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).